Tusimkumbuke Yossi Benayoun kwa benchi la Chelsea peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze juu ya mchezaji ambaye wapenzi wengi wa soka nchini wanamkumbuka nusu tu. Ni Yossi Benayoun, kiungo wa Israel aliyepita Liverpool, Chelsea na Arsenal, na ambaye kila anapotajwa vijiweni hutajwa kama mchezaji wa akiba aliyekuwa akiingizwa mechi ikielekea ukingoni. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Tanga na nimefundisha vijana kwa muda mrefu. Ninaandika kwa sababu ile nusu isiyokumbukwa ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa vijana wetu na kwa wazazi wao, hasa habari ya kijana huyo kwenda Ajax akiwa na umri wa miaka 15 na kurudi nyumbani baada ya miezi kadhaa, jambo ambalo kwa kipimo chetu cha leo lingetosha kumweka katika orodha ya walioshindwa maisha kabla hata hajaanza kunyoa ndevu.

Benayoun alizaliwa tarehe 5 Mei 1980 katika mji wa Dimona, jangwani Negev, kusini mwa Israel. Dimona ilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wahamiaji, na wengi wa waliopelekwa kuishi huko walitoka Afrika Kaskazini, Moroko ikiwa mbele. Familia yake ni ya asili hiyo. Si mji wa matajiri, wala si mji uliokuwa na timu kubwa. Timu kubwa iliyokuwa jirani ni Hapoel Be'er Sheva, umbali wa kilomita zipatazo 35, na huko ndiko alikojifunzia mpira. Sifa zake zilikua haraka kiasi kwamba magazeti ya nchini mwake yalimpa jina la Almasi, na akiwa na miaka 15 alichukuliwa na shule ya soka ya Ajax mjini Amsterdam.

Tukumbuke Ajax ya wakati ule ilikuwa nini. Mwaka 1995 timu hiyo ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kwa kuifunga AC Milan bao 1-0, ikiwa na kikosi kilichojaa vijana waliokulia mikononi mwake wenyewe, na hapakuwa na shule ya soka duniani iliyokuwa ikitamaniwa kuliko ile. Kijana wa Dimona akakubaliwa, akaenda pamoja na familia yake, akacheza vizuri, na klabu ikataka kumfunga kwa mkataba mrefu. Kilichoshindikana hakikuwa mpira. Familia haikuyazoea maisha ya Uholanzi, naye mwenyewe alizidiwa na upweke wa ugenini, basi wakafunga mizigo, wakarudi kusini mwa Israel, na mtoto akarudi Hapoel Be'er Sheva.

Hapa ndipo ninapoomba wasomaji wako watulie kidogo. Nimemfundisha kijana mmoja ambaye alipata nafasi ya kufanya majaribio nje ya nchi, akakaa huko kwa muda mfupi, akarudi bila mkataba. Alichokikuta mtaani kilimuumiza kuliko kukosa mkataba wenyewe. Watu waliokuwa wakimpungia mkono barabarani walianza kumuuliza kwa sauti ya kebehi kama ndege ilikuwa imejaa, mjomba wake akamshauri aachane na mpira ajifunze udereva, na klabu moja ya daraja la pili iliyokuwa ikimtaka kabla hajasafiri ikageuka ikamwambia kwamba kama angekuwa mzuri wasingemrudisha. Kwa miezi mingi hakuja mazoezini. Nilipokuwa nikimtafuta nyumbani kwao, mama yake alinieleza kwamba mtoto anaona aibu kupita mbele ya duka. Kijana yule alikuwa na miguu ileile aliyoondoka nayo, na pumzi ileile, lakini sisi watu wazima tulikuwa tumeshamsomea hukumu.

Benayoun hakusomewa hukumu. Msimu wa 1997/98, akiwa na miaka 17, alipewa namba katika kikosi cha kwanza cha Hapoel Be'er Sheva katika ligi kuu ya Israel, naye akafunga mabao 15. Timu ilishuka daraja pamoja na mabao hayo yote, na kwa mtoto wa umri ule kulia machozi ya kushuka daraja mbele ya watu wa nyumbani ni somo ambalo hakuna akademi inayolifundisha. Maccabi Haifa, moja ya klabu kubwa za nchi hiyo, wakamsajili mwaka 1998, na mwezi Novemba mwaka huohuo akaichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza dhidi ya Ureno. Hebu tuhesabu vizuri: tangu aliporudi kutoka Amsterdam hadi kuvaa jezi ya taifa haikupita miaka mitatu, na muda wote huo alikuwa akicheza kwao, kwa lugha yake, akila chakula cha mama yake.

Alikaa Haifa misimu minne. Nasisitiza idadi hiyo kwa sababu ndiyo tunayoisahau tunapomzungumzia. Katika misimu hiyo alicheza mechi 130 za ligi na kufunga mabao 55, na hakuwa mshambuliaji wa kati bali kiungo mshambuliaji aliyekuwa akitokea pembeni au nyuma ya washambuliaji. Msimu wake wa kwanza, Haifa iliitoa Paris Saint-Germain katika Kombe la Washindi la Ulaya kwa sare ya 1-1 ugenini na ushindi wa 3-2 nyumbani, ikaenda hadi robo fainali ambako ilitolewa na Lokomotiv Moscow. Chini ya kocha Avram Grant, ambaye baadaye alifika fainali ya Ligi ya Mabingwa akiwa na Chelsea, timu ilitwaa ubingwa wa Israel mwaka 2001 na kuutetea mwaka 2002, baada ya kukaa bila ubingwa tangu 1994.

Wasomaji wa Afrika watapenda kujua kwamba katika kikosi hichohicho cha Haifa alikuwamo Yakubu Ayegbeni wa Nigeria, ambaye naye alikwenda Israel akiwa kijana mdogo, akakomaa huko kwanza, kisha akaingia Uingereza kupitia Portsmouth mwaka 2003 na kufunga mabao 95 katika Ligi Kuu ya nchi hiyo. Vijana hao wawili, mmoja mwenyeji na mwingine mgeni, walilelewa na ligi ambayo hapa kwetu hakuna anayeamka kuitazama. Walicheza kila wiki, wakakosea, wakapangwa tena wiki iliyofuata. Sioni siri nyingine zaidi ya hiyo, na nimeitafuta.

Mwaka 2002 Benayoun aliondoka, na klabu aliyokwenda inasema mengi juu ya akili yake. Hakwenda Barcelona wala Real Madrid. Alikwenda Racing Santander, timu ya mji wa bandari kaskazini mwa Hispania ambayo kila msimu lengo lake la kwanza lilikuwa kutoshuka daraja. Tena aliondoka wakati ambao wengi wangeshawishika kubaki, kwani muda mfupi baada ya yeye kuhama, Haifa ikawa klabu ya kwanza ya Israel kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, na mwezi Oktoba 2002 ikaifunga Manchester United mabao 3-0 katika mechi iliyochezwa Nicosia, Cyprus. Usiku ule yeye hakuwamo. Alikuwa Hispania akipigania pointi za kubaki ligi kuu.

Santander alicheza misimu mitatu, mechi 101 za ligi na mabao 21, na timu haikushuka katika msimu wowote kati ya hiyo. Kwangu mimi hiki ndicho kipindi kilichomfanya mchezaji kamili, ingawa hakina kombe hata moja la kuonyesha. Ligi ya Hispania ilikuwa na Zidane, Ronaldinho na Valencia ya kocha Rafael Benítez iliyotwaa ubingwa mwaka 2002 na 2004, na mtu wa Santander alikuwa akikutana na hao wote mara mbili kwa msimu bila kuwa na kikosi cha kumficha. Ukipoteza mpira pale katikati unaadhibiwa, na Jumapili ijayo unasimama tena mbele ya wengine wa namna ileile. Nadhani ni hapo Benítez alipomfahamu vizuri, maana miaka michache baadaye, akiwa kocha wa Liverpool, ndiye aliyempeleka Anfield, uwanja wa klabu hiyo.

Kabla ya Anfield kulikuwa na West Ham. Alijiunga nayo mwaka 2005 ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, na msimu huohuo timu ikamaliza ya tisa na kufika fainali ya Kombe la FA. Fainali hiyo, iliyochezwa Cardiff tarehe 13 Mei 2006 dhidi ya Liverpool, ni miongoni mwa fainali nzuri nilizowahi kuona kwa macho yangu katika televisheni. West Ham ilitangulia kwa mabao 2-0, Liverpool ikasawazisha, West Ham ikaongoza tena 3-2, na dakika za majeruhi Steven Gerrard akapiga shuti la mbali sana lililoipeleka mechi katika muda wa nyongeza na hatimaye mikwaju ya penalti, ambako Liverpool ilishinda. Benayoun alianza mechi hiyo upande wa kulia. Mwaka uliofuata West Ham iliponea chupuchupu kushuka daraja kwa kuifunga Manchester United 1-0 Old Trafford siku ya mwisho ya msimu, na majira hayo ya joto ya 2007 akahamia Liverpool kwa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 5.

Waisraeli walikuwa na historia na Liverpool. Avi Cohen, beki aliyesajiliwa mwaka 1979, alifunga bao na pia kujifunga katika ushindi wa 4-1 dhidi ya Aston Villa ulioipa timu ubingwa tarehe 3 Mei 1980, siku mbili tu kabla Benayoun hajazaliwa. Ronny Rosenthal naye alikuja mwaka 1990 na mabao yake yakasaidia ubingwa wa mwaka huo. Benayoun hakuupata ubingwa, lakini alikaribia kuliko watu wanavyokumbuka, na hapo ndipo ninapokasirishwa na hadithi ya mchezaji wa akiba.

Katika misimu mitatu alicheza mechi 134 za mashindano yote na kufunga mabao 29. Huwezi kufikisha idadi hiyo kwa kusugua benchi. Mwezi Novemba 2007 alifunga mabao matatu peke yake Liverpool ilipoifunga Besiktas ya Uturuki 8-0 katika Ligi ya Mabingwa. Mwezi Januari 2008 akafunga mengine matatu katika Kombe la FA dhidi ya Havant & Waterlooville, timu ya madaraja ya chini ambayo siku hiyo ilitangulia kufunga mara mbili pale Anfield na kuwatia watu hofu. Septemba 2009 akafunga matatu dhidi ya Burnley katika Ligi Kuu. Mabao matatu katika mechi moja, katika mashindano matatu tofauti yenye uzito huo, yalimfanya atajwe kuwa mchezaji wa kwanza kukamilisha jambo hilo. Wapo washambuliaji wakubwa waliostaafu bila kulifikia.

Lakini kama ningepewa nafasi ya kuwaonyesha vijana wangu tukio moja tu, ningechagua lile la Santiago Bernabéu la tarehe 25 Februari 2009. Liverpool ilikuwa ugenini kwa Real Madrid katika hatua ya 16 bora ya Ligi ya Mabingwa, mechi ngumu, isiyo na nafasi nyingi, na Gerrard alikuwa ameanzia benchi kwa sababu ya jeraha. Dakika ya 82 ukapatikana mpira wa adhabu pembeni, Fabio Aurelio akaupiga ndani ya eneo la hatari. Macho ya walinzi wa Madrid yalikuwa kwa warefu, kama ambavyo macho ya walinzi wote huwa, na Benayoun, mtu wa kimo cha kawaida ambaye hakuwahi kusifiwa kwa mipira ya juu, akajitenga, akaufikia mpira, akaupiga kichwa, kipa Casillas hakuweza kufanya lolote. Liverpool ikashinda 1-0. Wiki mbili baadaye, Anfield, ikashinda 4-0. Nawaambia vijana watazame miguu yake kabla ya mpira kupigwa. Haruki wala hasukumani na mtu. Anahama hatua chache tu, anasubiri, kisha anakwenda mahali ambapo mpira utaanguka, na hiyo ni akili ya mtu aliyekwisha cheza mamia ya mechi za ligi akiwa hajafikisha miaka 29.

Mwezi Aprili mwaka huohuo, Liverpool ilipokuwa ikifukuzia ubingwa, ilikwama kwa Fulham kwa dakika zote 90, mpira ukigonga miamba zaidi ya mara moja, hadi Benayoun alipofunga katika dakika za majeruhi. Msimu uliisha kwa timu hiyo kuwa ya pili kwa pointi 86, ikiwa imepoteza mechi mbili tu za ligi. Wanaosema alikuwa mtu wa akiba wana haki kwa kiasi, maana Benítez alipenda kumbadilisha na kumwingiza kadiri mechi ilivyotaka, lakini mtu wa akiba anayefunga Bernabéu dakika ya 82 na Fulham dakika za majeruhi ni mtu ambaye kocha anamhifadhi kwa saa anayomhitaji.

Mwaka 2010 alihamia Chelsea, na hapa sitamtetea. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mmoja katika maisha yake ya soka ambao haukuwa na sababu za kimpira za kutosha. Chelsea ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa ligi na Kombe la FA, viungo wake walikuwa wamezoeana, naye alikuwa na miaka 30. Kisha bahati nayo ikamkimbia, kwani mwanzoni tu mwa msimu aliumia kano ya kisigino, akafanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani msimu ukiwa unaelekea mwisho. Katika ziara ya Chelsea nchini Malaysia mwezi Julai 2011 alizomewa na sehemu ya watazamaji kila alipogusa mpira kwa sababu ya utaifa na asili yake, hadi klabu ikapeleka malalamiko rasmi kwa chama cha soka cha nchi hiyo. Mtu anaweza kuwa na msimamo wake juu ya mambo ya Mashariki ya Kati, nami ninao wangu, lakini mchezaji kuzomewa kwa alivyozaliwa ni jambo ambalo sisi Waafrika, ambao wachezaji wetu wametupiwa ndizi katika viwanja vya Ulaya, hatuna ruhusa ya kulifumbia macho.

Siku ya mwisho ya dirisha la usajili la Agosti 2011, siku chache baada ya Arsenal kufungwa 8-2 na Manchester United, kocha wa Arsenal, Arsène Wenger, alimchukua kwa mkopo. Wengi walimwona kama mtu wa kuziba pengo. Alicheza mechi 19 za ligi, akafunga mabao manne, na bao lake la mwisho lilikuwa la maana kubwa: tarehe 13 Mei 2012, siku ya kufunga msimu, alifunga mapema kabisa ugenini kwa West Bromwich Albion, Arsenal ikashinda 3-2 na kumaliza ya tatu, pointi moja mbele ya Tottenham. Nafasi hiyo ya tatu ilikuja kuonekana thamani yake wiki moja baadaye, Chelsea ilipotwaa Ligi ya Mabingwa na hivyo kuifungia Tottenham, iliyomaliza ya nne, mlango wa mashindano hayo. Mashabiki wa Arsenal wa hapa Tanga ninaowajua bado wanamheshimu kwa msimu huo mmoja, na wana haki.

Baada ya hapo alirudi West Ham kwa mkopo, akarudi Chelsea, akaenda Queens Park Rangers na kupanda nayo daraja mwaka 2014. Sitarefusha.

Ninachotaka kurefusha ni kurudi kwake kwa pili. Mwaka 2014, akiwa na miaka 34, alirudi Maccabi Haifa, na hakurudi kupunga mkono na kupigwa picha. Alicheza miaka mitano mingine: akatwaa Kombe la Taifa na Haifa mwaka 2016, akaenda Maccabi Tel Aviv, Beitar Jerusalem na Maccabi Petah Tikva, kisha Beitar tena, akatundika daluga mwaka 2019 akiwa amekaribia miaka 39. Ligi iliyompokea akiwa mtoto aliyerudi kutoka Amsterdam ndiyo iliyompokea akiwa mtu mzima aliyerudi kutoka London, na mara zote mbili ilimpa mechi za kucheza.

Timu ya taifa aliichezea kati ya 1998 na 2017, mechi 102, rekodi ya nchi yake, akafunga mabao 24 na kuwa nahodha kwa miaka mingi. Hakuwahi kucheza Kombe la Dunia wala fainali za Ulaya, na wapo wanaolitumia hilo kumshusha. Wasisahau kwamba Israel ilitolewa katika shirikisho la soka la Asia katika miaka ya 1970 kwa sababu za kisiasa, na tangu ipate uanachama kamili wa Ulaya mwaka 1994 inalazimika kutafuta nafasi mbele ya Ufaransa, Hispania na Italia. Kombe la Dunia ililocheza ni moja tu, la Mexico mwaka 1970.

Karibu kabisa na ndoto walifika katika kufuzu Kombe la Dunia la 2006. Walikuwa kundi moja na Ufaransa, Uswisi na Ireland, wakacheza mechi kumi bila kupoteza hata moja, na bado wakabaki nje. Sare ya 2-2 na Uswisi mwezi Septemba 2004 ilitokana na mabao mawili ya Benayoun. Machi 2005, katika muda wa siku nne, walitoka sare ya 1-1 na Ireland kwa bao la dakika ya mwisho la Abbas Suan, na sare kama hiyo na Ufaransa kwa bao la Walid Badir, wote wawili wakiwa raia Waarabu wa Israel, na kwa siku chache nchi ile iliyogawanyika ilikuwa ikiimba majina yao. Mwisho wa hesabu Uswisi na Israel zilikuwa na pointi 18 kila moja, Uswisi ikaenda mbele kwa tofauti ya mabao. Hiyo ndiyo nafasi iliyompita, na ilimpita bila yeye wala wenzake kufungwa.

Ndugu Mhariri, nimeeleza kwa urefu kwa sababu naona kurasa za michezo, za gazeti lako na za mengine, zina tabia ya kuandika habari za kijana mara mbili: anapopanda ndege na anaposhuka. Anapopanda tunaambiwa thamani ya mkataba na picha yake akiwa ameshika jezi. Anaposhuka tunaambiwa amerejea, neno moja, na wasomaji wanajaza wenyewe kilichobaki. Hatuambiwi alicheza mechi ngapi huko, alikuwa chini ya kocha gani, ni kitu gani kilichomrudisha, na klabu ipi ya nyumbani imempa namba wiki iliyofuata. Mbwana Samatta hakufika Aston Villa mwaka 2020 kwa kuruka. Alipita African Lyon na Simba, akakaa TP Mazembe kule Lubumbashi kwa karibu miaka mitano na kutwaa nayo Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, akaenda Genk, akawa bingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, na kila hatua alikuwa anacheza. Kama angesafiri akiwa na miaka 15 na kurudi na miaka 16 kwa kuwa amemkumbuka mama yake, sina hakika kwamba sisi tungempa nafasi ya pili.

Ombi langu ni dogo na linawezekana. Kijana wa Kitanzania anaporudi kutoka majaribio au mkataba wa nje, mwandishi wako amtafute baada ya mwezi mmoja, sio uwanja wa ndege, bali uwanja wa mazoezi wa klabu iliyomchukua. Aandike amecheza dakika ngapi. Amuulize kocha wake mpya anamtumia nafasi gani, na kama hakuna klabu iliyomchukua, aandike hilo pia na aulize viongozi wa klabu ni kwa nini. Yule kijana wangu niliyemtaja sasa anacheza tena, ligi ya mkoa, kiungo wa kati, na mwandishi yeyote atakayependa kumwona anakaribishwa mazoezini kwetu Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni.

Wako,
Mwalimu wa michezo,
Tanga